Pikipiki ya Yaya Inakatala Kuwaka

Pikipiki ya yaya ilikaa mu kave mwaka muzima, na hakuna muntu aliigusa. Kave njo ile chumba ya chini ya nyumba, kwenye bantu ba Molenbeek, hapa Bruxelles, banaweka bintu yenye habatake kutupa na habatake kuona. Ya kwetu ilikuwa na valizi za nguo za kutoka Lubumbashi, godoro moja ya kukunja, na ile pikipiki, imefunikwa na shuka. Ukishuka kutafuta ndoo, unaikuta imesimama mu giza sawa mugeni mwenye hakuna muntu alimuambia akae.

Yaya njo mukubwa yangu, mwenye kunitangulia mu tumbo ya maman. Si pikipiki ilimuua. Bantu wote banauliza ile, na macho inang'aa, banataka hadithi ya ajali. Hapana. Ni damu yake mwenyewe ilimugeuka, pole pole, ku kitanda ya lopitalo. Alikufa siku ya mvua. Bon, Bruxelles, siku gani haina mvua.

Kwetu bintu ya mufu habaigawe palepale. Inangojea siku ya kutosha kilio, kukitoa mu nyumba, siku maman anavula nguo nyeusi na bantu banakuya kukula na kunywa. Na mwenye kugawa ni mujomba, ndugu ya maman. Mpaka siku ile, ukivaa ata soksi ya mufu, weye ni muchawi ao mwizi, chagua. Donc pikipiki ilibakia vile yaya aliiacha, na esansi, mafuta yake, mu tanki na udongo mukavu ku magurudumu. Ilikuwa pikipiki ya kuchezea mu matope, miguu mirefu sawa mbuzi, lakini aliiwekea plaque ya numero, alikuwa anaendea nayo ku kazi.

Dimanche, siku sita mbele ya kutosha kilio, tonton, ule mujomba mwenye kugawa, akatoka kwake Laeken, akakuya kutazama bintu. Alishuka mu kave na kofia ku kichwa, akainua shuka.

«Inapumua?»

«Tonton, imelala tu.»

«Mwaka muzima? Ata mi silalake vile, na mi niko pensionné, sina kazi ya kuamkia.»

Nilicheka. Ye hakucheka.

«Sikia, kijana. Samedi, tukitosha kilio, nitagawa. Kintu yenye inatumika, nitaipa muntu. Kintu yenye imekufa, siigawe, hatuzike mara mbili. Ikiwaka mbele ya bantu, ni yako. Ikikatala, nitaita ule muntu wa kuokota vyuma, akuye na kamiyo yake ya mizigo.»

Akafunika shuka, akapanda ngazi.

Nilibakia pale chini. Mashati ya yaya itaenda kwa bacousins, sawa. Viatu vyake ata havikunitosha, yaya alikuwa na miguu ungesema mitumbwi. Lakini pikipiki njo kintu yake moja tu yenye ilikuwa na sauti. Ikienda kwa vyuma, sauti nayo inaenda.

Kesho yake, lundi, nikaanza. Kuipandisha ku ngazi za kave ni kazi ya bantu wawili, na wa pili alikuwa mon père, jirani wetu wa pale chini. Ni mubelge muzee, padri, alitumika Katanga miaka na miaka, alikuwa anapita mu pori na pikipiki kwenda kusoma misa. Sasa ye iko na magoti mabaya na Swahili ya zamani, safi sawa shati ya Pasaka. Mi nilisukuma na mabega, ye akasukuma na mudomo.

Mu kour, ile kiwanja ya nyuma ya nyumba, nikatia muguu ku kiki ya kuwashia.

«Mtoto wangu, usipige bado. Tazama kwanza.»

«Mon père, natazama nini? Magurudumu iko mbili, inatosha.»

«Tazama kifungo chekundu.»

Kifungo ya kuzimia ilikuwa ku kuzima. Nikaigeuza pole pole, sawa muntu mwenye anakuna mukono. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena mpaka goti ikaanza kunitukana.

Alors tukafungua tanki. Esansi ilikuwa njano, inanukia sawa rangi ya mulango.

«Esansi inazeeka upesi kuliko padri,» mon père akasema.

Tukaimwanga yote mu bidon. Nikaleta mupya mu chupa ya limonade, nusu tu, sababu mon père alisema esansi ya kujaribia haipite pale. Mardi, siku ya pili, tukafungua kabureta, ile kintu yenye inachanganya esansi na hewa. Ndani kulikuwa gundi ya kahawia, na kale katundu kenye esansi inapitia kalikuwa kameziba kabisa. Nilitaka kuchokora na waya, akanipiga ku vidole: «Utakapanua, kisha kataharibika!» Tukasafisha na dawa, tukapuliza na pompe ya baiskeli. Mercredi tukatosha buji, ile kintu ya kutoa cheche, nyeusi sawa sufuria ya kule kwetu. Nikaisugua, nikaigusisha ku chuma ya motere, mon père akapiga kiki na mukono, sababu goti ilimukatalia, na tukaona cheche. Bluu, kadogo, inaruka.

«Alléluia,» nikasema.

«Bado,» akasema.

Na kweli, bado. Jeudi, kila kintu ilikuwa safi, kila kintu ilikuwa mahali yake. Ukipiga kiki, motere inakohoa mara moja, kisha kimya. Inakohoa, kimya. Sawa muntu mwenye anataka kusema na anafungwa mudomo.

Siku zote zile, maman alikuwa anapita mu kour na sac ya soko, anatazama ku ukuta. Ananiuliza tu: «Umekula?» Ridoo, pazia ya dirisha yetu, kule juu, ilibakia imefungwa. Nilifikiri ni baridi.

Vendredi, nikitoka ku kazi (nasafisha masahani mu restora moja ya Etterbeek), nikamukuta mon père ameinama nyuma ya pikipiki, mukono wake mbele ya bomba ya moshi.

«Piga.»

Nikapiga.

«Piga tena.» Akatazama mukono wake. «Mtoto, inavuta pumzi lakini haitoi. Hapa hakuna upepo.»

Nikatia kidole mu bomba. Nikagusa kintu laini. Nikavuta ncha yake kidogo, ikaonekana: kitambaa nyeusi, pindo imeshonwa na uzi mweupe. Nilijua ile uzi. Wiki ya kilio maman alikuwa anashona nguo zake nyeusi, uzi mweusi ukaisha, akamalizia na mweupe, na mi njo nilimushikia taa.

Nikakaa chini ku sima, ile sementi ya kour.

Kwetu banasema kintu ya mufu haibakie kinywa wazi, sababu kinywa wazi inamuita mwenyewe. Ile wiki maman alifunga binywa yote. Alipindua kikombe ya yaya. Alikaza kifuniko ya manukato yake. Viatu, alijaza magazeti mpaka mu vidole. Ile yote niliiona na macho yangu, mu nyumba. Sikufikiri alishuka peke yake mu kave, mu giza, na nguo ya kilio, kutafuta kinywa ya pikipiki. Muntu mwingine, pikipiki ikikatala, anatafuta fundi. Mi nilipaswa kutafuta maman.

«Toa tu,» mon père akasema. «Ni kitambaa.»

«Mon père, miaka yote ile Katanga, na unasema ni kitambaa? Mwenye kufunga njo mwenye kufungua.»

Mon père akapangusa mikono ku suruali.

«Basi panda, ukamwulize mama yako.»

Maman alikuwa mu cuisine, anachambua sombe, majani ya muhogo ya kukula kesho. Majani ilijaa meza yote.

«Maman, pikipiki iko na kitambaa mu bomba ya moshi.»

«Najua.»

«Ni weye?»

«Unafikiri ni panya?»

«Maman, ikitoka, inawaka. Kila kintu ingine tumetengeneza.»

Hakuinua macho. Mikono yake iliendelea na majani.

«Kila jioni nilikuwa namusikia tangu kule ku canal, ku mufereji. Mbele afike ku kona, mi najua, naweka maji ya bukari, ugali yake, ku moto. Mwaka huu mapikipiki ya bantu inapita, na kila mara mikono yangu inaenda ku sufuria mbele kichwa iiambie hapana. Ya bantu, navumilia. Yake, sitaweza. Iache inyamaze.»

«Tonton ataipa muntu wa vyuma.»

«Mujomba yako njo mwenye kugawa.»

Nilikuwa na muchezo mu mudomo, neno ya kuchekesha, mi kila siku niko na muchezo. Ile siku nikaumeza. Nikachukua majani upande moja, tukachambua pamoja mpaka ikaisha, kisha nikashuka, nikarudisha ile ncha ya kitambaa ndani vile niliikuta.

«Kesho utamwambia nini mjomba?» mon père akaniuliza. «Utadanganya?»

«Hapana. Nitapiga kiki, haitawaka. Uongo iko wapi?»

Alinitazama sana, lakini hakusema kama ni zambi.

Samedi, bantu bakajaa. Maman alivaa pagne, kitenge ya kijani na njano, na ilikuwa ajabu kumuona na rangi. Tonton akagawa mashati, saa, valizi. Kisha akashusha bantu wote mu kour, na vikombe ku mikono, akasimama mbele ya pikipiki.

«Kijana. Piga.»

Nikapiga. Ikakohoa, kimya. Nikapiga tena, shati yangu ya sikukuu ikanishika mugongo. Cousin moja akasema: «Iko sawa yaya mwenyewe! Naye asubuhi ulikuwa unamuita mpaka saa sita!» Bantu bakacheka, ata mi nikacheka, na kucheka ile iliniuma. Nikaendelea kupiga mpaka hakuna mwenye alicheka tena.

«Inatosha,» tonton akasema, pole. Akanishika bega. «Umejikaza. Inatosha.» Akatosha telefone, akaanza kutafuta numero ya muntu wa vyuma. Mon père akatazama viatu vyake. Mi nikashika guidon na mikono yote mbili.

«Ngoja.»

Maman alikuwa anashuka ngazi. Bantu bakamuachia njia. Akapita mbele yangu bila kunitazama, akazunguka nyuma, akapiga magoti na ile pagne mupya ku sima yenye maji. Akatia vidole mu bomba. Kitambaa ikakatala. Akaizungusha ku kidole, akavuta, ikakuya kidogo kidogo, ndefu kuliko nilifikiri. Aliiziba kweli kweli.

Akasimama na kitambaa mu ngumi.

«Piga.»

«Maman, kama hautake...»

«Nimesema piga. Unataka nipige mi?»

Nikapiga. Ikakohoa. Nikapiga mara ingine, na ikawaka.

Ilitosha moshi nyeupe ikajaza kour yote, mon père akakohoa, batoto bakafunga masikio. Sauti ikapanda mu kuta mpaka juu, na ba voisins wa nyumba zingine bakafungua madirisha. Ilikuwa ile ile. Mwaka muzima nilikuwa najiambia naikumbuka, na sikuwa naikumbuka hata nusu.

«Ni yake!» tonton akapiga kelele, ananionyesha na kidole. «Mumeona bote? Ni yake!»

Bantu bakapiga mikono. Mi nilikuwa namutazama maman. Mikono yake iliinuka mbele ya kifua, ikasimama pale, sawa inatafuta kintu ya kushika. Hakukuwa kintu. Akaishusha ku kiti ya pikipiki, na kitambaa chini ya vidole, na ile kutetemeka ya motere ikamupanda mpaka mu mabega.

Niliona inatosha. Nikapeleka kidole ku kifungo nyekundu.

Akanipiga ku mukono.

«Acha. Iishe yenyewe.»

Mu tanki kulikuwa ile nusu chupa, na sehemu yake ilikuwa imekwisha ku kujaribu. Donc tukangojea. Tonton akavua kofia. Kisha sauti ikabadilika, ikapanda kidogo, nyembamba, ikajikwaa, ikarudi, ikajikwaa tena. Ikazima.

Maman akabakia na mikono ku kiti mpaka kiti ikatulia kabisa. Akajipangusa magoti, pale maji ya kour ilimulowesha.

«Bon,» akasema. «Bantu bakule.»