Wiki za Kungoja Daktari Aseme

Damu ilianza kutoka kidogo, nikiwa na mimba yangu ya kwanza, ya miezi miwili. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili mtaa wa Kikuyu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na serikali ilikuwa imesimamisha ajira, kwa hiyo muda wa kuwaza nilikuwa nao tele.

Kulikuwa na hospitali binafsi iliyofunguliwa karibuni mjini, yenye mashine ya ultrasaundi. Daktari alikitazama kioo muda mrefu.

"Mfuko wa mimba upo," alisema. "Mapigo ya moyo siyaoni. Labda bado ni changa, labda imeharibika. Turudie baada ya wiki mbili."

Tukarudia. Akasema tena labda. Damu ikakatika, ikaja, ikakatika. Kila nilipoamka nilijipapasa matiti kuona kama bado yanauma. Yakiuma nilifurahi, kisha nikawaza kwamba pengine nimeyaminya mno. Kichwa kiliponigonga sikumeza hata kidonge, nisije nikamdhuru mtoto ambaye huenda hakuwepo.

Kwetu mimba changa haitangazwi, kwa hiyo mume wangu aliwaambia kwao kwamba nina malaria. Matokeo yake mama mkwe alifunga safari kutoka Kibakwe kuja kuniuguza. Kila asubuhi alinichemshia mwarobaini. Kila asubuhi niliupeleka nyuma ya bafu nikaumwaga, maana husemwa unatoa mimba.

"Malaria yako ina kiburi," alisema. "Dawa yote hii, na bado umekunja uso!"

Siku moja tumbo likanikata vibaya, damu ikatoka nyingi, na mume wangu akanikimbiza hospitali. Safari hii daktari hakukawia.

"Pole sana, mama. Mimba imetoka yote. Kizazi ni kisafi, huhitaji kusafishwa."

Nikamwomba arudie. Alirudia, bila labda. Nililia, na mume wangu akanishika bega akidhani ni uchungu mtupu. Uchungu ulikuwepo. Lakini zaidi nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe kila kitu. Akashika mdomo.

"Na mwarobaini wangu?"

"Nilimwaga, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Ashukuriwe Mungu! Na mimi nimeukwanyua mti wa watu mpaka umebaki fimbo!" Akacheka, akafuta macho kwa khanga, akamgeukia mwanawe. "Umesimama nini? Lete mkaa. Mzazi anataka maji ya moto."

"Mama, haikufika hata miezi mitatu," nikasema.

"Ilikuwa tumboni mwa nani? Lala hapo."

Alinikanda tumbo kwa taulo la moto mpaka nikapiga kelele, akanifunga khanga kiunoni, akanipa uji wa uwele. Nilikunywa bakuli mbili. Nikameza na kidonge cha kichwa, nikalala mchana ule ule, bila kujipapasa popote.