Nafasi ya Kuitika

Wengi wa rika langu waliondoka Tabora wakaishia hukohuko. Mimi nilirudi, tena na stashahada ya uandishi wa habari niliyoisomea Dar es Salaam bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono: mchana nabeba mizigo sokoni, jioni darasani. Leo kipindi changu cha utamaduni, elimu na safari katika redio ya umma kinasikilizwa kuanzia Sikonge hadi Igunga, na sioni haya kulisema.

Ndiyo maana mama mmoja wa Tura aliniamini. Nilimfuata kwa treni nilipokuwa naandaa kipindi kuhusu njia ya zamani ya misafara, nikamkuta uani anaanika betri za redio juani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kumbe ndiwe? Redioni unasikika mnene!"

Jirani yake aliyekuwa akipepeta mtama akadakia, "Mwache, shoga. Unene wote kauacha kwenye spika."

Mama alinisimulia kwamba wazee wa ukoo wao walikuwa wapagazi, wakibeba mizigo hadi pwani. Mmoja akichelewa kurudi, mama yake alitoka uani kumwita kwa wimbo. Aliimba ubeti, akataja jina, kisha akanyamaza, na wote waliokuwapo wakanyamaza naye, kumwachia msafiri nafasi ya kuitika popote alipo. Ndipo ubeti mwingine ulipofuata.

Mwana wa mama huyu naye aliondoka kama utingo wa lori. Mara ya mwisho alionekana Igunga, na simu yake ilikuwa haipatikani tena.

"Hao wa malori wanashinda na redio," aliniambia. "Akinisikia atajua namtafuta. Ila usinikatishe pale ninaponyamaza."

"Mama, umempata fundi," nilimjibu.

Akaimba kwa Kinyamwezi. Akataja jina. Ungo wa jirani ukasimama. Kimya kilikuwa kirefu hata nikajikuta natazama njiani.

Niliituma kazi makao makuu na maelezo kwa herufi kubwa: kimya kisiguswe. Nikapiga na simu. Msimamizi wa matangazo, kijana aliyenikuta kazini, akasema, "Braza, ukikaa kimya hewani msikilizaji anahama stesheni." Nikamweleza maana yake. Nikamkumbusha na mimi ni nani. "Poa, braza. Tutaona."

Siku ya kipindi nilikwenda Tura kusikiliza pamoja na mama. Uani palijaa. Wimbo ulipoanza, watu waliacha hata kukohoa. Jina likatajwa, na ubeti wa pili ukadandia papo hapo, kama mtu anayesukumwa mgongoni. Beti zote zilikwenda hivyo. Jirani alianza kigelegele, akamtazama shoga yake, akakimeza.

"Mmenipitisha mbio," mama alisema.

"Si mimi, mama. Ni wa makao makuu."

"Sauti ni yangu. Atasema mama kaniita kama mtu asiyetaka kuitikiwa."

Nilidai kipindi kirudiwe. Nilipiga simu, nikaandika, nikapanda ngazi za ofisi ambazo wengi wa hapa kwetu hawajawahi kuzikanyaga. Ratiba imejaa, waliniambia. Sifa zangu zote hazikununua hata pumzi moja ya kimya.

Basi nikaenda Igunga mwenyewe, nikazunguka kwenye maegesho ya malori nikiulizia jina la kijana yule. Hakuna aliyemjua. Utingo mmoja aliyekuwa akikaza turubai ndiye aliyeitambua sauti yangu.

"Wewe si yule wa redioni? Ule wimbo wa bibi tuliusikia. Tulikuwa tumepakiana mle kwenye kabini, wengine wa lifti tu, hata hatujuani. Ulichangamka, bosi! Mpaka dereva akawa anapiga usukani."

"Kuna aliyeitika?"

Akacheka. "Aitike nini? Kwani kuna mtu alikuwa anaitwa?"