Matairi ya Matope

Gari ni langu. Leseni ni yangu. Mume wangu aliendesha malori kwao Kongo, lakini hapa Stockholm mtihani wa udereva umemshinda mpaka leo. Hata hivyo Jumapili moja, baada ya ibada, yeye na wanaume wenzake watatu walisimama kwenye maegesho ya kanisa letu la Jakobsberg wakinichagulia matairi ya baridi. Mimi nililetewa uamuzi jikoni, nikiosha masufuria ya ushirika.

"Hizi njo pneu, mama!" alisema mume wangu, akizamisha kidole kwenye mfereji wa tairi aliloingia nalo. "Ata na matope yote ya kwetu, haziwezi kukwama."

Matope! Nilimwambia hapa shida si kukwama, shida ni kusimama. Barafu haijali meno makubwa. Inataka mpira laini, au tairi lenye misumari. Huku huwezi kupewa leseni kabla hujapelekwa kwenye uwanja wa utelezi, ukanyage breki uone gari linavyokukana. Mimi nilipelekwa. Wao wanne, hakuna hata mmoja. Walicheka. "Shemeji," akasema mmoja, "tuachie sisi mambo ya magari." Kabla giza halijaingia, matairi yalikuwa yamefungwa.

Theluji ilipoganda, nilikuwa nampeleka binti yetu shuleni. Katikati ya mteremko nilikanyaga breki, gari likaendelea na safari yake.

"Mamma, bromsa!" alilia kutoka nyuma, eti nifunge breki, na mguu wangu ulikuwa umeshaikandamiza hadi chini. Tulisimamishwa na tuta la theluji, karibu kabisa na kivuko cha watoto.

Nilirudi nyumbani nikasimulia yote. Na mume wangu akasemaje? Kwamba sijui kukanyaga breki! Mimi!

Jumapili iliyofuata akavaa suti yake, akasimama kando ya gari akingoja nimpeleke kanisani. Matairi yalikuwa yale yale. Nikamfungulia mlango wa nyuma.

"Baba, ingia. Kaa hapa alipokaa mwanao. Leo tunapitia mteremko wa shule."

Akautazama ule mteremko mwisho wa barabara yetu, uking'aa barafu tangu juu hadi chini. Akaitazama ile mifereji aliyoisifu.

"Mama," akasema polepole, "twende tu na treni."