Sura Moja Haiingii Mara Mbili

Miaka ile ya utoto, mimi na dada yangu Kulwa tulikuwa na uso mmoja. Sisemi tulifanana tu, maana kufanana ni jambo la ndugu wote. Nasema uso mmoja, kiasi kwamba baba mwenyewe, akirudi jioni kutoka kiwandani Nyakato, alituita wote wawili "Kulwadoto" kwa pumzi moja ili asikosee. Mimi ndiye Doto, niliyezaliwa wa pili. Huku kwetu mapacha hupewa majina hayo kabla hawajafumbua macho vizuri, na mtu akikuambia anaitwa Doto huna haja ya kumuuliza kama alitangulia au alifuata.

Nayaandika haya nikiwa nimechoka, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mama alipatwa na kiharusi, na mimi ndiye ninayemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani asipate vidonda. Mtu aliyechoka hachagui cha kukumbuka. Mimi hunijia siku moja tu, siku tuliyopelekwa kuangalia jumba la mtemi kule Ukerewe, na mpaka leo sijaamua kama niikasirikie au niicheke.

Kwetu ni Ilemela, nyumba iliyokalia mawe. Likizo zikifika tulipanda meli kwenda Nansio kwa bibi, mama yake mama. Huko kisiwani, mwendo wa baiskeli kutoka kwa bibi, lilikuwepo jumba jeupe la ghorofa, lenye matao upande wa mbele na ngazi pana za mawe, ambalo mtemi wa zamani alilijenga enzi za wakoloni. Utemi ulipofutwa, jumba likaachiwa popo. Baadaye serikali ikalikarabati na kulifanya makumbusho ya sanaa, ikaleta humo vinyago, michoro na viti vya enzi kutoka kila upande wa nchi. Kwa watu wa mjini yalikuwa makumbusho. Kwa bibi palibaki kuwa kwa mtemi, na kwa mtemi huendi kama unavyokwenda gulioni.

Tulimsumbua sana likizo ile. Mwalimu wetu alikuwa ametusimulia juu ya sanamu za mbao za watemi wa kale, ndefu kama mtu mzima, zenye macho ya simbi, yale makombe madogo meupe. Kila asubuhi tulianza upya: bibi, tupeleke. Siku moja, akimenya mihogo, akakubali bila kuinua uso.

"Nitawapeleka. Lakini ataingia mmoja."

"Kwa nini, bibi?" Kulwa aliuliza. Kati yetu yeye ndiye aliyekuwa wa kuuliza.

"Wale wazee wa mbao wanajua mtu na wanajua sanamu. Sura moja ikipita mbele yao mara mbili, watasema huyu mmoja ni mtu, na huyu mwingine ni sanamu mwenzetu. Basi watambakiza."

"Watambakizaje?"

"Mwili utatoka. Mwenyewe atabaki."

Mama alikuwa hapo hapo akipepeta mchele. Alikuwa mtu wa kanisani, asiyekosa Jumapili hata moja, nami nilimtazama nikitegemea aseme kwamba bibi anatutania. Aliendelea kupepeta, na nikaona ameanza kupepeta haraka zaidi. Sijui kama hiyo ilikuwa imani ya Wakerewe wote au ya bibi peke yake. Nimewauliza watu wazima wa kule. Mmoja alicheka, mwingine akabadilisha mazungumzo.

Swali la nani aingie halikuchukua hata muda wa kumaliza muhogo mmoja. Kulwa ni mkubwa, ataingia Kulwa. Ukubwa wenyewe ulikuwa wa kitambo cha mkunga kunawa mikono, lakini ukubwa ni ukubwa. "Atakachokiona ni chenu wote wawili," bibi alisema, kunipoza. Hakuna aliyeniuliza kama nimepoa.

Tulikwenda wanne: bibi, mama, Kulwa na mimi. Chini ya zile ngazi bibi alinikalisha kwenye kidaraja cha mwisho, uso ukitazama barabara na mgongo ukiwa kwa jumba. Akaniambia nisigeuke hata nikisikia naitwa, kwa sababu madirisha ni makubwa na wazee wa mbao wanaona mbali. Kisha akamshika Kulwa mkono wakapanda. Mama alibaki nami. Alikaa kando kwenye kivuli, akavua viatu na kunyoosha miguu.

Nilikaa kama nilivyoambiwa. Nzi walinitua midomoni sikuwafukuza. Nilisikia nyayo zao zikigonga sakafu ya ndani, kisha sikusikia kitu, na nikaingiwa na hofu kwamba Kulwa asingetoka. Nilitaka kulia, lakini niliogopa kwamba kulia nako ni kugeuka kwa namna fulani. Basi nilinyamaza. Nadhani maisha yangu yaliamuliwa hapo, kwa kule kunyamaza, kwa maana watu wazima huwa wanamwona mtoto asiyelia.

Walipotoka, bibi alisimama nyuma yangu akaniangalia kwa muda. Kisha akamwambia mama kwa Kikerewe, akidhani sisi watoto wa mjini hatukijui: "Huyu ndiye atakayetuzika."

Mama alicheka kidogo, akaniwekea mkono kichwani. Na mimi nilijivuna. Njia nzima ya kurudi nilitembea kifua mbele, mtoto mdogo aliyeaminiwa makaburi ya watu wazima. Hilo la kujivuna ndilo linaloniudhi zaidi hadi leo.

Kulwa alitoka akiwa kimya, naye hakuwa mtoto wa kukaa kimya. Nilimuuliza ameona nini, maana nusu ilikuwa yangu kwa ahadi ya bibi. Alijaribu kunieleza akashindwa. Tulipofika nyumbani akaokota mkaa jikoni, akaanza kuchora ukutani kwa bibi, macho, mapua, mikono iliyokunjwa tumboni. "Ndiyo hivi," alisema. Mimi niliona mkaa ukutani. Jambo la ajabu ni kwamba bibi, aliyekuwa akituchapa kwa kumwaga maji tu, hakumchapa.

Sasa niseme yaliyofuata, na nitayasema kwa kifupi kwa sababu niliyafanya kwa kirefu. Bibi alipoanza kuugua, ikaonekana ni vyema mtu akakae naye Nansio. Kulwa alikuwa na masomo, na walimu walikuwa wamekwisha kuona mkono wake wa kuchora. Doto ana moyo, watu walisema, Doto ametulia. Nikaenda. Nilimzika bibi. Nikarudi Ilemela, baba akaanza kukohoa, na kwa kuwa nilikuwa nimeshajua kazi hiyo, nikaendelea nayo. Nilimzika baba. Kulwa alikuwa anakuja kwenye kila msiba kutoka Dar es Salaam, anakoishi kwa kuchora picha, amevaa nguo nyeusi nzuri. Alilia kuliko sisi sote, akaondoka kabla matanga hayajaanuliwa. Simlaumu. Au tuseme namlaumu siku za Jumamosi, ninapofua mashuka.

Katika miaka hiyo niliamini kabisa kwamba bibi alikuwa ameona mbele. Kila nilipokunja mkeka baada ya msiba nilisikia yale maneno yake ya Kikerewe. Niliposwa mara moja, na mtu mwema, nikamwambia anisubiri mpaka baba apone. Sikushangaa aliposhindwa kusubiri. Mtu ukishaambiwa kwamba wewe ni wa kubaki nje, unaanza kuona kila mlango kuwa si wako, na hata ukiwa wazi unakaa kwenye ngazi.

Mwaka huu Kulwa alipiga simu. Makumbusho yale yale yalikuwa yamechukua picha yake moja na kuitundika. Alitaka twende pamoja tukaione, na mama naye aende, akapaone kwao kabla hali haijawa mbaya zaidi. Mama hasemi sana siku hizi, maneno yanamtoka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini aliposikia Nansio aliushika mkono wangu na hakuuachia. Basi tukapanda meli, kiti cha magurudumu, mfuko wa nepi, chupa ya uji na sisi watatu.

Jumba lilikuwa limepakwa rangi upya, ila ngazi ni zile zile, na kiti hakipandi. Vijana wawili wa pale walijitolea kumbeba mama. Akakataa kwa kichwa. Tangu augue, kubebwa na wanaume asiowajua ni kitu kimoja kati ya vichache ambavyo bado ana uwezo wa kuvikataa, na sikuwa tayari kumnyang'anya. Kwa hiyo ilibidi mmoja abaki chini. Mikono yangu ilijua kabla yangu. Nilikuwa nimeshageuza kiti kivulini, nimeshakaza breki, na nimeshakaa kando yake uso ukitazama barabara, Kulwa alipoita kutoka ngazi ya juu yangu.

"Doto. Ingia wewe."

"Picha ni yako."

"Picha yangu naijua. Ingia."

Alishuka akachukua mfuko mikononi mwangu. Nilimwambia kwa utani, maana ilibidi niseme kitu: "Au unawaogopa wazee wa bibi?"

Hakucheka. "Ninawaogopa," alisema. "Bibi alisema wanambakiza mmoja. Wewe unadhani ni wewe uliyebaki nje. Mimi miaka yote nadhani ni mimi niliyebaki mle ndani. Nakuja kwenye misiba yetu kama mgeni, nalia, naondoka. Ni kama mwili tu ndio uliotoka."

Nilimwangalia. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba naye alikuwa na upande wake wa ile siku. Pengine ningelia, au ningemgombeza, lakini nilikuwa nimechoka mno kwa yote mawili. Nikamwonyesha namna ya kumwinua mama akikohoa, nikamwambia uji uwe vuguvugu, asimwegemeze upande wa kushoto. Kisha nikapanda zile ngazi.

Ndani palikuwa na baridi na harufu ya dawa ya sakafu. Wazee wa mbao walikuwa wamepangwa ukutani, wafupi kuliko nilivyowaona katika mkaa wa Kulwa, mmoja jicho la simbi limemtoka. Nilisimama mbele yao nikingoja wafanye kitu. Hawakufanya. Hata hivyo niliwapita nikiwa nimeinamisha kichwa, na atakayenicheka kwa hilo anicheke. Picha ya Kulwa ilikuwa chumba cha pili, kubwa kuliko kitanda, mawe ya Ilemela na nguo zimeanikwa juu yake. Mbele yake kulikuwa na benchi. Niliketi ili niitazame vizuri, picha ya dada yangu, kwa mtemi, mimi mwenyewe, hatimaye.

Nikalala.

Nililala usingizi mzito, wa mtu ambaye hakuna wa kumwita. Sikuota sanamu wala bibi. Aliyeniamsha ni binti mmoja mhudumu, amepiga magoti kidogo kwa adabu. "Shikamoo mama. Samahani, tunafunga." Nilimwitikia, nikafuta mate shavuni kwa kanga. Nilikuwa nimesubiri tangu utotoni kuingia ndani ya jumba lile, na nilipoingia sikuona hata nusu ya vilivyomo. Na sikujuta. Nilihisi wepesi mabegani ambao nilikuwa nimeusahau.

Chini ya ngazi nilimkuta Kulwa amepiga magoti mbele ya kiti, gauni lake zuri limemwagikiwa uji, nywele zimemtimka. Mama alikuwa ameegemeza kichwa begani kwake. Mfuko ulikuwa umepekuliwa wote, vitu vimetapakaa nyasini.

"Ameniita Doto," Kulwa alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Muda wote. Mara ya kwanza nilimwambia mama, mimi ni Kulwa. Akaniita tena Doto."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitika."

Sikumwambia kwamba mama humwita Doto hata nesi anayekuja kumpima presha. Kwa mama, Doto si uso tena. Ni yeyote anayemshika asianguke. Nilisimama pale na mara nikaona kwamba bibi, Mungu amrehemu, hakuwa ameona mbele hata kidogo. Alikuwa amemwona mtoto mtulivu akampa kazi, nasi sote tukaiita majaliwa, kwa sababu ilikuwa rahisi kuwaachia lawama wazee wa mbao kuliko kuketi na kugawana zamu. Niliumia, kwa ajili ya yule msichana aliyekaa na nzi midomoni. Niliumia pia kwa ajili ya Kulwa, na hilo sikulitegemea.

Mama alikohoa. Nilisogea, lakini Kulwa alikuwa ameshamwinua, sawasawa kama nilivyomwonyesha.

"Doto," mama aliita, kwa ule upande mmoja wa mdomo.

"Abee, mama," Kulwa akaitika, wala hakunitazama.

"Kesho asubuhi atakuita tena mapema," nilimwambia. "Uitike. Mimi nitakuwa bado nimelala."

Alitikisa kichwa kukubali, akafungua breki, akaanza kusukuma kiti kuelekea barabarani. Niliwafuata nyuma, mikono mitupu, nisijue niiweke wapi.