Bakuli la Paka

Mavyaa, mamake mume wangu, alipotujia mjini, mtaa wa Ndia Kuu, kutoka nyika ya kaskazini, asubuhi ya kwanza alichukua bakuli langu la kaure, akalijaza maji, akaliweka barazani wanywe paka wa mtaa.

Nikachemka. Mfereji wa jikoni ulikuwa mkavu tangu juzi, na maji yale tuliyanunua kwa mwenye mkokoteni. "Mama, hata chai hatujateleka!"

Hakukasirika. Akanieleza kwamba kisima cha kwao ni kirefu mno. Watu hushuka ndani wakapangana mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Mbuzi hunywa kwanza, kisha ngamia. Waliosota kuteka hunywa mwisho.

"Mimi nikiona kiu nitaomba, mwanangu. Mbuzi atamwomba nani?"

Nilimwachia bakuli kwa adabu tu. Siku aliyorudi kwao, nililisugua bakuli langu kwa sabuni na maji ya moto, nikalitia kabatini.

Mwaka huu kwao mvua haijanyesha. Jana alipiga simu: ngamia wamekwisha, mbuzi waliobaki hawasimami, na maji wanayafuata mbali kwa punda. Kabla sijampa pole, akaniuliza, "Na wale paka, wanapata maji?"

"Wanapata, mama," nikasema. Akaniombea dua, mimi na nyumba yangu.

Mfereji wangu ulikuwa wazi, ndoo inafurika miguuni mwangu. Nikaufunga polepole, asije akausikia.