Swapu Niliyoiita Uchafu

Jamani, bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Tabata: fundi aliyefuta alama za kidato cha pili, wazazi wameshakaa ukumbini, ni mie.

Asubuhi ile nikafungua seva ya shule nikakuta swapu imejaa pomoni (swapu ni ile sehemu ya diski ambako mashine husogeza vitu visivyoguswa, memori ipumue), na memori yenyewe ina nafasi tele, nikajumlisha programu moja moja, jumla haifiki hata robo ya kilichojaa kwenye swapu, nikarudia, jasho linanitoka, mara mwalimu mkuu huyo mlangoni, "Fundi, ripoti zinachapwa saa ngapi?" nami kwa kuona aibu kusema sijui nikajibu kwa mikogo, "Dakika mbili tu mama, kuna uchafu nausafisha." Nikazima, nikawasha.

Swapu sifuri! Nikajipongeza. Kufungua alama, hakuna hata jina moja.

Akaitwa Mwalimu Mwanahawa wa hisabati, mama mtu mzima aliyejifunza mambo ya seva ukubwani. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mgonjwa.

"Marahaba. Alama zilikuwa folda gani?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Wiki ile walimu walilalamika kujaza alama kunachelewa, nami nikazihamishia folda ya muda, ile inayokaa ndani ya memori na kufutika mashine ikizimwa (nikasifiwa kwa kasi, nikavimba kichwa, nikasahau). Mashine ilipoona haziguswi ikazisogeza kwenye swapu, na kwa kuwa ni mafaili, si programu, hesabu yangu isingezipata hata ningekesha.

"Kwa hiyo haikuwa uchafu," nikasema.

"Ilikuwa inakutunzia, baba."

Mwalimu mkuu akawaeleza wazazi kuwa fundi kazima mashine na alama zimefutika, walimu wakaleta madaftari yao, tukaanza kujaza upya palepale ukumbini, mie nachapa, projekta inaonyesha kila kosa langu ukutani. Zamu ya hisabati ilipofika, Mwalimu Mwanahawa hakufungua daftari. Alimpa mwenzake alishike, kisha akataja watoto wote kwa kichwa, jina na alama, na yule mwenzake akifuatisha kwa kidole hakumkuta amekosea hata mmoja. Mie nilisisimka mwili mzima, nimeduwaa, sijawahi kuona kitu kama kile.

Ndipo mzazi mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Fundi, tafadhali, huyo usimzime!"

Walicheka mpaka mwalimu mkuu akakaa chini. Siku hizi nikikuta kitu kimejaa na sijui kwa nini, nasema sijui, tena kwa sauti, halafu nampigia Mwalimu Mwanahawa.