Mangi Abeli, Balozi wa Moto na Theluji

Anayetaka kujua Mchaga akipewa cheo anakuwaje, aje mtaani kwetu hapa Guangzhou aulize habari za Abeli wa ghorofa ya tatu. Sisi tunamwita Mangi, yaani mtemi wa Kichaga. Mimi ni Mpare, kwa hiyo ni mtani wake, na mtani ana ruhusa ya kusema. Hata hivyo haya nitakayosema ni ya kweli, na mengine nimeyapunguza kwa huruma.

Mtaa wetu uko nyuma ya barabara ya Guangyuan, pale majumba ya nguo za jumla yanapoishia na mlima Baiyun unapoanza. Nyumba zimebanana kiasi kwamba ukifungua dirisha unaweza kumpa jirani chumvi mkononi. Jengo letu ni la Ayi Liang, mjane wa miaka sabini na ushee, anayekaa chini kabisa ili aone nani anaingia na nani anatoka. "Ayi" ni kama kusema shangazi, na sote tunamwita hivyo, wenye adabu na wasio nayo. Mimi, Joyness, nina chumba ghorofa ya pili, napikia wafanyabiashara wanaotoka nyumbani. Abeli ananunua vifaa vya mlimani, majaketi mazito, mabuti, taa za kichwani, anavipeleka Moshi kwa kampuni zinazopandisha watalii Kilimanjaro. Zamani alikuwa mgumu, ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa kule, akabeba mizigo ya wazungu mpaka karibu na kilele. Mlima anaujua. Shida ni kwamba anataka kila mtu ajue kwamba anaujua.

Novemba iliyopita, msimu wa ukavu ulipoanza, kamati ya mtaa ilitafuta mgeni mmoja wa kujitolea kuwaelimisha wageni wenzake juu ya moto wa mlimani. Wengine walitazama viatu vyao. Abeli alisimama kabla sentensi haijaisha. Akapewa kitambaa chekundu cha kufunga mkononi, kipaza sauti cha betri, na kijitabu. Kwetu tungesema amekuwa balozi wa nyumba kumi, ila huyu alijihesabia nyumba mia nne.

Kijitabu kile kilikuwa na sura mbili, ya kwanza kuzuia moto, ya pili usalama wakati wa theluji, nadhani kiliandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini. Guangzhou hakuna theluji. Ofisa wa kamati alimwambia airuke sura ya pili.

"Sura ya pili ndiyo yangu," Abeli alisema, akakataa katakata.

Basi Januari, baridi iliposhuka mpaka nyuzi tano, alikuja jikoni kwangu akachukua kilo mbili za chumvi na kuimwaga kwenye ngazi zote, barafu isishike. Asubuhi Ayi Liang alikuta nyumba yake imetiwa chumvi kama ng'onda, akauliza ni nani anayetaka kutula. Jumapili ya wiki ile Abeli alitupanga uchochoroni kutufundisha kutembea juu ya barafu: unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko, magoti yalegee. Tulitembea. Wachina walitoka kutazama.

"Mangi," aliuliza Dullah, mwanafunzi wa Tanga anayekaa ghorofa ya tano, "hiyo theluji yenyewe iko wapi?"

"Kinga ni bora kuliko tiba," alijibu Abeli, akamrudisha Dullah mwanzo wa mstari.

Kwenye moto, lakini, sikumcheka, walau mwanzoni. Kuna mwaka aliuona moto mlimani kwao, akasimama na wenzake wakiupiga kwa matawi mchana kutwa, na mwenzake mmoja akaungua miguu. Akisimulia hilo sauti yake inashuka. Ila jambo jema likimwingia mtu wa kiherehere linageuka adhabu. Alisimama kila Jumamosi kwenye kinjia cha kupandia mlimani akinyang'anya watu viberiti vya gesi, akavijaza kwenye ndoo ya rangi. Alinikagua jiko mara mbili kwa wiki. Alinikataza mkaa kabisa. Mwaka huu Pasaka iliangukia siku moja na Qingming, sikukuu ya Wachina ya kuhudumia makaburi ya wazee wao, na wateja wangu walikuwa wamenunua mbuzi mzima wa kuchoma. Mimi Msabato, Pasaka napika tu, lakini nilijua mbuzi yule anastahili nini. Mangi alisema hapana moto wa nje. Tukamchemsha. Watu wazima walikula nyama ya Pasaka kama wagonjwa wa wodini.

Kamati, kwa Qingming, ilikuwa imetoa tangazo. Kuchoma ubani na karatasi mlimani ni marufuku, ila wakazi wanaruhusiwa kuchoma ndani ya pipa la bati, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya jengo letu. Tangazo hilo alilibandika Abeli mwenyewe, kwa gundi yake mwenyewe, kwenye kuta ishirini na tatu. Kichina cha kusema anacho, cha bei na cha mizigo. Cha kusoma hana hata herufi moja, na kwenye mkutano, kila walipomwuliza kama ameelewa, aliitikia kwa kichwa kama mwenyekiti.

Ikafika saa tisa alasiri ya Pasaka. Ayi Liang alikwenda kwenye pipa na vitu vya marehemu mumewe. Kwao mtu aliyekufa bado ana mahitaji, kwa hiyo wanamtengenezea vya karatasi na kumpelekea kwa moto. Alikuwa na nyumba ya karatasi, simu, viatu, noti za kuzimu mafungu matatu. Alikuwa ameinama anaongea naye, pengine anamweleza habari za mwaka mzima. Abeli alikuwa dirishani. Aliona moshi.

Nilimsikia akishuka ngazi tatu tatu na kipaza sauti kikipiga kelele. Alipopita mlangoni kwangu akanyakua ndoo ya kwanza aliyoiona. Nilipiga ukelele, "Mangi, siyo hiyo!" Nani anasikia? Ile ilikuwa ndoo ya maji niliyooshea utumbo wa mbuzi.

Aliimwaga yote, ndani ya pipa, juu ya nyumba na simu na viatu, na maji mengine yakamrukia Ayi kwenye suruali. Moto ulizimika vizuri sana. Abeli akasimama anahema, kifua mbele, akisubiri asante.

Ayi Liang hakupiga kelele. Alichungulia ndani ya pipa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kikantoni, polepole, na Dullah aliyekuwa ametoka kutazama akatafsiri huku akimkwepa Abeli macho. "Anasema Alhamisi uwe umehama."

Hapo utani uliniisha. Bila Ayi hana chumba, na bila chumba hana karatasi ya polisi ya makazi. Na chumba chenyewe kilikuwa kimejaa mpaka dari.

"Dada Joyness," aliniambia jioni, amekaa kwenye kiti changu cha plastiki, "mabuti mia nane yako ndani. Kontena linafungwa tarehe ishirini, season inaanza Juni. Nikihama napeleka wapi mzigo? Halafu siyo mzigo tu. Yule mama nimemmwagia utumbo mume wake."

"Umemmwagia," nilisema.

Jumatatu alimpelekea matunda. Ayi aliyapokea, akayaweka nje ya mlango, yakaliwa na watoto wa jirani. Jumanne alimpelekea jaketi lake bora, la nyuzi ishirini chini ya sifuri, siku hiyo joto likiwa ishirini na nane na kuta zinatoka jasho. Jaketi lilirudi juu kabla yeye hajafika.

Jumatano nikachoka. Nikamwambia, "Wewe Mchaga wa wapi? Baba yako alipomkosea mtu alipeleka matunda?"

Akanitazama. Kisha akajipiga paji la uso. Nyumbani, kwao na hata kwetu Upareni, mkosaji huchuma jani la isale, ule mmea wa mipakani wenye majani marefu, akalifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai. Unaweza kununa, unaweza kutoza faini, lakini hukatai.

"Isale nitalipata wapi China?"

"Kila benki wanalo mlangoni," nilisema. "Hujawahi kuinua macho kutoka kwenye bei ukaona maua?"

Nilidhani ataomba jani moja. Akaenda soko la maua, akaambiwa jani haliuzwi, na Mchaga akiingia sokoni hatoki mikono mitupu. Alirudi amekumbatia chungu chenye mmea mrefu kuliko yeye, umefungwa utepe mwekundu wenye maandishi ya dhahabu. Dullah aliyasoma, akaketi kwenye ngazi akicheka mpaka machozi. Yalikuwa maneno wanayopewa wanaofungua duka. Tulipogonga, Ayi Liang aliuangalia mti, akamwuliza Abeli kwa ukali ni nani amemruhusu kufungua biashara kwenye nyumba anayofukuzwa.

Abeli alichuma jani, akalifunga fundo, akapiga magoti kwenye saruji, akalishika kwa mikono miwili. Dullah aliacha kucheka akaeleza.

"Anasema kwao mtu akiletewa jani hili hawezi kukataa, kwa sababu wazee wao waliokufa wanaangalia."

Ayi aliinama kulitazama fundo. Kisha akauliza, "Na wao wana wazee waliokufa wa kuwahudumia?"

"Wanao."

"Wanawapelekea nini?"

"Wanawamwagia," alisema Dullah, "pombe, maziwa…" Akasita, kachelewa.

"Wanamwaga," alirudia Ayi Liang. Akamgeukia Abeli. "Ile ndoo ilikuwa na nini?"

Dullah ni kijana mwaminifu, na niliona ukweli unampanda kooni. Nikawahi kwa Kichina changu cha sokoni. "Supu! Supu ya mbuzi! Bado haijaiva!"

Mungu anisamehe, nami Msabato. Ayi alinitazama mimi, akaitazama suruali yake iliyokuwa kwenye kamba, imefuliwa mara tatu, akalitazama lile jani. Mdomo wake ulianza kucheza pembeni.

"Mzee alipenda mbuzi," alisema. "Lakini aliyeiva."

Alilipokea jani, akalitia kwenye glasi ya maji juu ya friji. Hakusema amesamehe. Alivaa viatu, akamwamuru Abeli amfuate dukani, akarudi naye amebeba mzigo wa karatasi: nyumba nyingine, simu nyingine, viatu, noti. Abeli alijaza ndoo bombani, akamwonyesha Ayi maji yale, akayanusa mbele yake, akayaweka karibu na pipa. Kamati ilikuwa imeruhusu mpaka mwisho wa wiki. Safari hii alimwomba Dullah amsomee tangazo lote, mstari kwa mstari.

Ayi alichoma kitu kimoja kimoja bila haraka, akiongea na mumewe. Alipomaliza alipangusa mikono.

"Mwezi wa kumi kuna sikukuu nyingine ya makaburi," alisema. "Nitahitaji mtu wa kushika ndoo."

Abeli alimtazama Dullah, Dullah akatafsiri mara ya pili, na Abeli akaachia pumzi ambayo nadhani aliishika tangu Jumapili. Nikadhani yamekwisha, nirudi kwenye ugali wangu. Lakini Ayi alikuwa hajamaliza.

"Mama yako yupo?"

"Amefariki. Mwaka juzi, Julai."

"Amelala wapi?"

"Nyumbani, Mwika, mgombani. Ukisimama pale unaiona theluji juu."

Ayi Liang, ambaye hajawahi kuona theluji maishani, alishtuka kabisa. Aliingiza mkono mfukoni akatoa jaketi la karatasi, la bluu, limechorwa vifungo na zipu.

"Nilimnunulia mzee mawili, moja mpe mama. Andika jina, asije akachukua mwingine. Na mwili wake? Mdogo, wa kati, mkubwa?"

Abeli alilipokea jaketi, akaligeuza mkononi. Miaka tisa anapeleka majaketi Moshi, makontena kwa makontena, S mpaka XXL, kwa wagumu, kwa wazungu, kwa watu asiowajua majina. Kutoka stoo yake ya Moshi mpaka Mwika ni saa moja kwa gari.

"Sikumpelekea hata moja, dada Joyness," alisema kwa Kiswahili, bila kunigeukia. "Alikuwa anavaa sweta la shule la mdogo wangu. Kila mwaka nasema, nikishusha mzigo."

Nilimshika begani.

"Wa kati," alisema mwishowe. Akaonyesha kwa mkono kifuani pake urefu wa mama yake, kama kwamba Ayi anahitaji kujua na hilo. Alichukua kalamu akaandika mgongoni mwa jaketi: Anastazia, Mwika. Ayi aliyakagua yale maandishi, akataka kujua kama watu wa posta ya huko watayasoma. Dullah akamhakikishia kwamba watayasoma.

Ayi akampa kiberiti cha gesi. Nilidhani, Mkatoliki huyu, na cheo chake, atakataa. Alikiwasha, akalishika jaketi kwenye mkono mmoja mpaka moto ulipokaribia vidole, ndipo akaliachia ndani ya pipa.

Liliungua upesi, kwani ni karatasi. Upepo wa mlimani ukanyanyua kipande cheusi, bado kina cheche pembeni, kikapita juu ya pipa, juu ya nguo za jirani zilizoanikwa. Ndoo ilikuwa mguuni pake. Abeli alibaki amesimama, anakifuata kwa macho, akisema Kichaga ambacho sisi Wapare tunakisikia nusu nusu, lakini hiyo nusu niliisikia: vaa, mama, vaa.